NG'OMBE WA RIRUTA NA MAJIRA YAKE
Kazi ya mwaka mzima katika shamba dogo

Mtu apitaye Barabara ya Naivasha kutoka Kawangware kwenda Riruta Satellite huona nyumba za kupangisha, maduka, magari ya abiria na umati wa watu. Mgeni angedhani ya kuwa mahali hapo hapana ng'ombe hata mmoja. Lakini mtu huyo akiamka mapema, kabla jua halijachomoza, atasikia mlio wa ng'ombe nyuma ya ua wa mabati, na huenda akakutana na kijana aliyejitwika mzigo wa majani ya nepia unaodondosha umande njiani. Nyuma ya ua ule yumo ng'ombe mmoja, au wawili na ndama, na maziwa yao yamekwisha kuagizwa na majirani kabla hayajakamuliwa.

Ufugaji huu una asili yake. Zamani nchi yote ya Dagoretti, pamoja na Riruta, ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kiambu, nayo ilikuwa nchi ya mashamba. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilikubali mpango wa Bwana R. J. M. Swynnerton, ambao ulipanua njia kwa wakulima Waafrika kupanda mazao ya kuuza na kufuga ng'ombe wa gredi, baada ya mashamba yao kupimwa na kuunganishwa. Kabla ya hapo ng'ombe wa namna hiyo walikuwa zaidi mikononi mwa walowezi. Mwaka 1963 mpaka wa Nairobi ulisogezwa, Dagoretti ikaingizwa mjini. Tangu hapo mashamba yamegawanywa kwa watoto na wajukuu, na pale palipokuwa na malisho pakajengwa vyumba vya kupangisha. Ng'ombe hakuondoka, aliingizwa bandani, akaletewa majani mdomoni.

Basi katika shamba la namna hiyo hapana nafasi ya kukosea. Mwenye ng'ombe mia akipoteza mmoja huhuzunika. Mwenye ng'ombe mmoja akimpoteza huyo, amepoteza karo ya watoto, maziwa ya nyumbani, samadi ya shamba na akiba ya miaka mingi, na mara nyingi hupotea katika muda wa wiki mbili au tatu tu. Tena banda likibaki tupu, ni vigumu kuwakataza wana wasijenge vyumba mahali pake. Kwa sababu hiyo mfugaji mwenye busara hangoji ugonjwa. Huyafuata majira ya mwaka, na kila majira huyapa kazi yake.

KABLA YA MASIKA

Katika nchi ya Nairobi mvua kubwa, ambayo Wakikuyu huiita mvua ya njahi, hunyesha tangu Machi mpaka Mei, na Aprili ndio mwezi wake mkuu. Kazi ya kuitayarishia huanza Februari, wakati vumbi lingalipo.

Jambo la kwanza ni banda. Bati lililotoboka lizibwe, na mfereji wa maji machafu uzibuliwe. Mahali pa kulala ng'ombe pawe juu kidogo kuliko mahali pa kulia chakula, ili mkojo utiririke kwenda nje. Ng'ombe alalaye katika tope hupata vidonda vya kwato na ugonjwa wa kiwele, na magonjwa hayo mawili hupunguza maziwa polepole hata mwenyewe asitambue sababu. Yafaa alaliwe na takataka za mbao au majani makavu, nayo yabadilishwe kila yanapolowa.

Jambo la pili ni minyoo. Ng'ombe na ndama hupewa dawa mwanzoni mwa mvua, na tena mvua zinapokwisha, kama atakavyoelekeza daktari wa mifugo. Wale walishwao majani yaliyokatwa kando ya mito, kama vile bonde la Mto Nairobi, hawana budi kutazamwa zaidi, kwa maana katika majani ya majimaji huishi konokono wadogo wachukuao minyoo ya ini. Ng'ombe mwenye minyoo hiyo hukonda ingawa anakula, na pengine huvimba chini ya taya.

Jambo la tatu ni chanjo. Afisa wa mifugo ndiye ajuaye ni ugonjwa gani unaotisha mwaka huo: ugonjwa wa miguu na midomo, kimeta, chambavu, au ule wa mapele ya ngozi ambao uliingia Kenya mwaka 1957. Tena wakati wa kiangazi kikali wafugaji kutoka nchi ya Kajiado huleta makundi yao hata ndani ya jiji kutafuta majani, kama ilivyokuwa mwaka 2009 na mwaka 2017. Watu hao hawana kosa, njaa ya mifugo ndiyo iwaletayo. Lakini ng'ombe wa bandani akatiwapo majani ya kando ya barabara walipopita wageni hao, huweza kuletewa kupe na magonjwa asiyoyazoea.

KUPE NA NDIGANA

Katika maadui wote wa ng'ombe wa gredi, aliye mkuu ni kupe wa rangi ya kahawia akaaye masikioni. Huyo ndiye mleta ndigana kali, na masika ndiyo sikukuu yake, maana kupe wakubwa hutoka kwa wingi mvua inyeshapo.

Yafaa mfugaji aelewe jinsi kupe huyu anavyofanya kazi, kwa maana ajuaye sababu hafanyi kazi kwa mazoea tu. Kupe hunyonya damu mara tatu katika maisha yake, na kila mara akiisha kushiba huanguka chini, akabadilika umbo, kisha akatafuta mnyama mwingine. Jike likishiba mara ya mwisho hutaga maelfu ya mayai katika majani. Akinyonya damu ya mnyama mwenye vidudu vya ndigana, huvihifadhi mwilini mwake, na katika umbo lake linalofuata huvipeleka kwa mnyama mwingine. Lakini havimwingii ng'ombe mara kupe anapomgusa. Huchukua siku chache za kunyonya mpaka vidudu viive katika mate yake. Hapo ndipo ilipo nafasi ya mfugaji: akimwua kupe mapema, ugonjwa haupiti.

Ndiyo maana dawa ya kupe hutiwa kwa siku maalumu, wala si siku mwenye ng'ombe anapokumbuka. Wakati wa masika wengi hunyunyiza kila wiki, na palipo na kupe wengi mno mara mbili kwa wiki. Zamani wafugaji walipeleka ng'ombe kwenye josho la wote. Leo mwenye ng'ombe mmoja hutumia bomba la mkono nyumbani. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Dawa ipimwe kama ilivyoandikwa chupani. Ikiwa nyepesi mno, kupe huizoea na baadaye haiwadhuru tena. Ikiwa kali mno, humdhuru ng'ombe na mtu. Maji yatiwe kinyume cha manyoya, tangu miguuni kwenda mgongoni, na sehemu za siri zisisahauliwe: ndani ya masikio, chini ya mkia, makwapani, na kando ya kiwele. Mwenye kunyunyiza asisimame upande upepo unakoelekea, na chupa tupu isigeuzwe kuwa ya kutilia maziwa.

Watu wengine husema ya kuwa ng'ombe asiyetoka bandani hana haja ya dawa. Kosa hili limewaua ng'ombe wengi. Kupe hapandi gari, lakini hupanda mzigo wa majani. Majani yaliyokatwa mahali wanapopita mifugo huja pamoja na kupe wake, wakashushwa mbele ya mdomo wa ng'ombe kama wageni walioalikwa.

Dalili za ndigana kali ni hizi. Tezi iliyo chini ya sikio huvimba, kisha na nyingine za begani. Ng'ombe hupata homa kali, maziwa hupungua, huacha kula, macho hutoa machozi. Mwishowe hupumua kwa shida, akakohoa, na povu likamtoka puani. Mpaka kufika povu, mara nyingi mlango umekwisha fungwa. Kwa hiyo kipima joto ni chombo cha lazima nyumbani. Joto la ng'ombe mzima ni kama digrii 38 na nusu. Likipita 39 na nusu, na tezi imevimba, daktari aitwe siku hiyo hiyo, wala si baada ya kujaribu mitishamba wiki nzima. Iko dawa iitwayo buparvakwoni, nayo huponya vizuri ikiwahi, lakini ikichelewa haina nguvu ya kufufua mapafu yaliyokwisha jaa maji.

Iko pia chanjo, na watu wa Riruta wanaweza kujivunia ya kuwa ilitengenezwa karibu na kwao, huko Muguga, katika miaka ya 1970. Ng'ombe hupewa vidudu hai vya ndigana vilivyohifadhiwa katika baridi kali mno, na papo hapo hupigwa sindano ya dawa ya oksitetrasaiklini idumuyo mwilini. Hivyo huugua kidogo tu, akapata kinga ya muda mrefu. Lakini aliyechanjwa asiachwe bila dawa ya kupe kabisa, kwa sababu kupe huleta pia magonjwa mengine, kama vile ndigana baridi.

WAKATI WA BARIDI

Mvua ikiisha, huja miezi ya Juni, Julai na Agosti, ambayo Wakikuyu huiita gathano. Mawingu hufunika jua siku nyingi, na manyunyu huanguka asubuhi. Majani ni mengi, kupe wakubwa wamepungua, na mwenye ng'ombe hupenda kupumzika. Lakini huu ndio wakati wa kumlinda ndama.

Ndama akizaliwa lazima anywe maziwa ya kwanza, yaani dang'a, katika saa sita za mwanzo, kama lita tatu au nne kwa ndama mkubwa wa gredi. Maziwa hayo ndiyo yenye kinga ya mama yake. Siku ya pili ikifika, tumbo la ndama haliwezi tena kuipokea kinga hiyo. Watu wachoyo huyauza au kuyamwaga, kisha hushangaa ndama akiharisha. Katika baridi ya Julai ndama alale juu ya majani makavu, mahali pasipovuma upepo, wala asifungiwe katika chumba kisicho na hewa chenye harufu kali ya mkojo. Maana harufu hiyo huumiza mapafu, na homa ya mapafu huingia.

Kazi ya pili ya wakati huu ni kuweka akiba. Ng'ombe mkubwa wa maziwa hula mzigo mzito wa majani mabichi kila siku, kama kilo 50 mpaka 70 za nepia. Ekari moja ya nepia iliyotunzwa vizuri hutosha ng'ombe mmoja au wawili tu, na katika Riruta ni wachache walio na ekari. Kwa hiyo majani ya Juni yasiachwe yakomae mpaka yawe miti. Nepia ifaayo ni ile ifikayo kimo cha kama mita moja. Hukatwa, huachwa inyauke kidogo, hukatwakatwa vipande vidogo, hunyunyiziwa molasi iliyochanganywa na maji, kisha hushindiliwa kwa nguvu katika mifuko mikubwa ya nailoni hata hewa yote itoke. Mfuko hufungwa usiingize hewa. Baada ya wiki kadha huwa sileji, yenye harufu tamu ya uchachu, nayo huweza kukaa miezi mingi. Ikiwa nyeusi na yenye kunuka uozo, au imeota ukungu, itupwe.

Wafugaji wa mjini hununua pia mabaki ya sokoni: majani ya kabeji, maganda ya ndizi, mabua ya mahindi. Hivi vyote vyafaa, lakini vichambuliwe kwanza. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu mwezi wa Agosti mwaka 2017, na sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa mifugo kuimeza. Nailoni imezwayo haisagiki tumboni wala haitoki. Nayo mahindi yenye ukungu wasipewe ng'ombe kwa kudhani ya kuwa tumbo lao halidhuriki. Sumu ya ukungu hupita katika maziwa ikamfikia mtoto anywaye.

VULI NA MBU

Mvua fupi, zile za kimera cha mwere, hunyesha Oktoba mpaka Desemba. Huu ni wakati mzuri wa kupanda vipande vya nepia. Wenye mahali padogo huchimba mashimo na kuyajaza samadi na udongo, wakapanda vipande kadha pamoja. Njia hiyo huitwa tumbukiza, nayo huhifadhi maji, hata majani huchelewa kukauka. Kando ya ua hupandwa kaliandra, mti ambao majani yake yana nguvu nyingi: kilo tatu za majani mabichi huweza kushika mahali pa kilo moja ya chakula cha kununua dukani.

Dawa ya kupe hurudishwa kwa ukali kama wakati wa masika. Na miaka ile ambayo vuli hugeuka gharika, uko ugonjwa mwingine wa kuangaliwa. Mwaka 1930 kondoo walikufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Naivasha, na wataalamu wa Kabete wakagundua ugonjwa mpya ulioitwa Homa ya Bonde la Ufa. Huenezwa na mbu wanaozaliwa katika maji ya mafuriko. Ulirudi kwa nguvu katika mvua za mwaka 1997 na 1998, tena mwaka 2006 na 2007, ukaua watu pia. Ng'ombe wenye mimba wakianza kuharibu mimba kwa pamoja baada ya mafuriko, mtu asiguse kilichotoka kwa mikono mitupu, wala asichinje mnyama mgonjwa, bali apeleke habari kwa afisa wa mifugo upesi.

KIANGAZI

Kuanzia Januari jua huwa kali. Hapo ndipo mfuko wa sileji unapofunguliwa, na mwenye kuweka akiba humcheka anunuaye majani kwa bei ya dhahabu. Lakini chakula peke yake hakitoshi. Ng'ombe akamuliwaye huweza kunywa lita 60 na zaidi kwa siku, na maziwa mengi zaidi ya nusu ni maji tu. Katika mitaa ambayo maji hufika kwa zamu, pipa la kukingia maji ya mvua ni sehemu ya banda kama vile hori.

Wakati huu yafaa pia kutazama uzazi. Ng'ombe huja joto kila baada ya siku 21 hivi, na akionekana asubuhi hupandishwa jioni. Akionekana jioni hupandishwa asubuhi ya pili. Kituo cha kutayarisha mbegu za mafahali bora kilianzishwa Kabete mwaka 1946, hivi kwamba mwenye banda dogo hana haja ya kulisha fahali. Ng'ombe mwenye mimba aachwe kukamuliwa siku 60 kabla ya kuzaa, ili kiwele kipumzike. Aonaye hasara kuacha fedha ya siku hizo atapata hasara kubwa zaidi wakati wa kuzaa.

DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika jamaa nyingi za Riruta baba huenda kazini mjini alfajiri na kurudi usiku, na mama ndiye akamuaye, watoto ndio wakatao majani. Kila mmoja humdhania mwenzake ametia dawa. Daftari la senti chache, lililotundikwa mlangoni mwa banda, huondoa ugomvi huo: siku ya dawa ya kupe, siku ya dawa ya minyoo, siku ya kupandishwa, lita za asubuhi na jioni. Maziwa yakipungua lita mbili kwa ghafula, daftari litasema kabla ng'ombe hajaanza kukohoa. Nalo huonyesha siku aliyopigwa sindano, ili maziwa ya siku zilizokatazwa na daktari yasiuzwe kwa jirani. Hata maziwa mazuri yachemshwe kwanza, kwa maana homa ya kutupa mimba humwingia mtu kupitia maziwa mabichi.

Sheria ya Kaunti ya Jiji la Nairobi ya mwaka 2015 ilikubali kilimo na ufugaji mjini kwa masharti. Basi mwenye ng'ombe ajue ya kuwa majirani wana haki yao: samadi isiachwe ikatiririka barabarani, na banda lisinuke. Samadi iliyofunikwa na kurudishwa katika mashimo ya nepia ni chakula cha ng'ombe cha mwaka ujao.

Watu wa Riruta wana bahati. Chuo cha madaktari wa mifugo na maabara za Kabete ziko maili chache tu kutoka kwao, na Muguga si mbali. Huko Muguga ndiko Bwana Walter Plowright alikotengeneza chanjo ya sotoka karibu na mwaka 1960, na mwaka 2011 ulimwengu ukatangaziwa ya kuwa sotoka imekwisha kabisa duniani. Ugonjwa uliomaliza ng'ombe wa Afrika ya Mashariki zamani za mababu umeondolewa na watu waliofanya kazi ndogo ndogo kwa utaratibu, ng'ombe kwa ng'ombe, mwaka kwa mwaka. Kazi ya banda dogo la Riruta ni ya namna hiyo hiyo. Bomba la dawa la Jumamosi, pipa la maji, na mstari mmoja katika daftari vyaonekana kuwa vitu vidogo. Lakini ndivyo viamuavyo kama mwezi wa Mei ndama atakuwa amesimama, au kama wana wa nyumba watakuwa wanapima banda tupu kwa kamba ya kujengea vyumba.